Kumuoza Mrihani

Kuhani ana nyumba kumi na moja leo,
ametuma neno tusimngoje.
Basi ni sisi, mimi na Madhukar,
ghorofa ya tatu, roshani ya hatua nne,
na bwana harusi amelala katika bakuli la shaba:
jiwe jeusi la mtoni, dogo kuliko yai,
limeogeshwa maziwa, limevishwa uzi mweupe.

Bi harusi yumo chunguni.
Nimempaka manjano shinani,
nimemvisha kipande cha sari yangu ya kijani,
ile iliyoungua pasi upindoni,
na bangili mbili za kioo nimezitundika tawini
maana mikono hana.
Ukwaju mbichi miguuni pake. Taa ya samli.
Miwa minne tumeisimamisha, tukaifunga vichwa,
hilo ndilo hema la harusi.
Mmoja umepinda. Madhukar anasema uache,
hata wakwe hupinda.

Mama mkwe ndiye aliyenianzishia.
Mwaka wa saba wa ndoa, vyeti vya daktari
vimeshakunjwa kabatini chini ya blanketi,
alikuja kwa basi kutoka Satara
amepakata chungu njia nzima.
Hakunena lolote juu ya tumbo langu.
"Asiye na binti wa kuoza," alisema, "huoza huyu.
Huko juu huhesabiwa sawa."
Sikumuuliza nani anahesabu.
Nilikipokea chungu. Kilikuwa kizito,
na kitako chake bado kina joto la mapaja yake.

Saa moja na robo. Chini uani baruti zinalia.
Ketaki wa mlango wa pili kashika ncha ya pazia,
ncha nyingine tumeifunga msumarini,
ili maharusi wasionane kabla ya wakati.
Madhukar anasoma beti kutoka kitabu kisicho na jalada,
kidole chini ya kila mstari,
sauti ile ile anayosomea bili ya umeme.

"Shangazi," Ketaki ananong'ona,
"kwani mwaka jana hakuolewa?"
"Aliolewa."
"Wakaachana?"

Madhukar kacheka, kapoteza mstari.
"Hapana, mwanangu," nikasema,
na neno likanitoka lenyewe, likasimama pale.
"Mungu hulala miezi minne ya mvua.
Akiamka kasahau kila kitu.
Inabidi aozwe upya."
Sijui kama ndivyo. Ndivyo nilivyojibu.

Shusha! Pazia likaanguka,
mchele wa manjano ukaturukia,
punje zikanasa katika nywele za Madhukar
chache zilizosalia.
Kisha nikakinga kiganja juu ya shina
naye akamimina maji, kijiko kimoja,
yakapita vidoleni mwangu yakazama udongoni.
Tumemtoa.

Uchungu wa mwana, husema, aujuaye mzazi.
Nimewaona mama wa jengo hili
wakiliaga gari lenye maua pale langoni,
wakibaki na mkono hewani hata gari limekwisha kona.
Wangu haendi popote.
Nimemuoza mara kumi na tisa
na kila asubuhi namkuta palepale, ana kiu.

Wala huyu si yule wa Satara.
Yule alikauka mwaka ule mabomba yalipokauka.
Huyu ni mjukuu wa kitukuu chake,
nimewazalisha mwenyewe kwa mbegu, kizazi kwa kizazi,
katika makopo ya samli.

Ketaki kaondoka na kipande cha muwa
na pepeta zenye sukari guru kiganjani.
Madhukar anatafuna ule uliopinda, gizani,
anasema ndio mtamu.
Taa siizimi, itajizima.
Kesho nitayachuma mashuke yaliyokauka,
niyapukuse kwenye bahasha ya hospitali,
nikate jina langu,
niandike mwaka.